Jibu: "Did you received" au "Did you receive"?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini bosi wako alisahihisha "Did you received my email?" ilhali jambo lenyewe limeshapita. Yuko sahihi: ni "Did you receive".

Kabla ya kugusa kitenzi kikuu, tazama kwanza kama sentensi ina "did" au "didn't" ya kuulizia au kukanushia. Ikiwepo, wakati uliopita umeshabebwa hapo, na kitenzi kinabaki katika umbo la msingi: "Did he go?", "She didn't come". Isipokuwepo, ndipo unaandika "he went", "she came".

Wengi wetu, hata tuliosoma sana, tunakwama zaidi kwenye "have" na "has". Hizo zinataka umbo la tatu la kitenzi (kama "gone" katika go, went, gone): "I have gone", si "have went"; "she has written", si "has wrote". "Come" inahitaji uangalifu, maana umbo lake la tatu linarudi kuwa "come": "he has come".

Mimi ninapohariri barua za ofisini hupigia mstari kila "did" na "have", kisha ndiyo nakagua kitenzi kinachofuata. "Put" na "cut" usihangaike nazo, hazibadiliki.