Usiku nne Kinosaki, na maneno ya binamu yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nina siku tisa Japani. Nimepanga Tokyo, Hakone, Kyoto, Nara, Osaka na Hiroshima, na usiku mmoja ryokan ya kifahari. Umeionaje?"

Nilicheka, kisha nikanuna. Ratiba hiyo ni yangu mwenyewe, ya 2018, imebaki kutiwa jina langu tu.

Safari ile nakumbuka vituo vya treni. Ryokan, ile nyumba ya wageni ya jadi ya Kijapani, niliiweka mwishoni, ndiyo iwe tunu yangu. Nikafika saa mbili na nusu usiku nikiburuta sanduku, kumbe chakula huandaliwa saa kumi na mbili jioni na jiko lilikwishafungwa. Nilikuwa nimelipia kaiseki, ule mlo wa vyakula vidogo vidogo unaoletwa kimoja kimoja kwa mpangilio wa msimu. Nikaletewa matonge mawili ya wali yaliyofungwa kwa mwani. Sikumlaumu mtu. Nililia bafuni.

Mwaka 2023, mwezi Novemba, nilirudi na wazo moja: nyumba moja, mji mdogo mmoja, usiku nne. Nikachagua Kinosaki, saa mbili na nusu hivi kwa treni kutoka Kyoto. Mji uliangushwa na tetemeko na moto mwaka 1925, ukajengwa upya kwa mbao kando ya mto wenye mierebi. Unajulikana kwa mabafu saba ya umma ya maji ya moto ya chemchemi, na ukilala ryokan ya pale unapewa kibali cha kuyaingia. Sanduku nililituma kabla kwa takkyubin, huduma ya kupeleka mizigo, likanitangulia. Hili pekee lingeniokoa mara ya kwanza.

Jioni ya kwanza nikavaa yukata, lile joho jepesi la pamba la Kijapani, nikajiona mwenyeji. Mama mhudumu akanitazama, akapiga magoti bila neno, akaifungua na kuifunga upya: upande wa kushoto juu ya wa kulia. Mimi nilikuwa nimefunga kinyume, na kinyume huvikwa maiti. Mtoto wa Tanga mzima nimejifunga sanda natembea koridoni! Siku ya pili alinikagua kwa jicho tu. Siku ya tatu hakunikagua kabisa, na sijui kwa nini hilo lilinifurahisha kuliko shahada yangu.

Huo ndio ufahari ninaousema. Usiku wa kwanza wewe ni mgeni wa kukirimiwa, wa tatu wanajua chai unainywaje. Usiku mmoja unalipia gharama yote, unaondoka na nusu ya kitu.

Niliporudi, binamu yangu alisema harusini, mbele ya watu: "Laki saba kwa usiku kulala chini? Si bibi alikulaza mkekani bure?" Watu walicheka. Mimi bado sijacheka. Lakini alisema kweli asiyoijua: tatami, mkeka mnene wa sakafuni wa Kijapani, ikiwa mpya inanukia majani makavu, kama ukindu kwenye mkeka wa bibi, na nililala usingizi ule ule.

Basi sikilizeni, wapenzi. Punguzeni miji. Fikeni kabla ya saa kumi jioni. Kama hutumii pombe wala nguruwe, andika siku unapoweka nafasi, usingoje ukae mezani, maana mirin, kilevi cha mchele, imo kwenye michuzi mingi. Onsen, yaani bafu la maji ya chemchemi, huingiwa bila nguo, wanawake kwao, wanaume kwao. Unaoga kwanza kwenye kigoda, sabuni yote itoke, ndipo uingie. Ukiona haya, tafuta nyumba yenye bafu la kukodi peke yako. Na punguzeni miji, nimeshasema.

Mdogo wangu uliyeniandikia: futa Hakone, Nara na Hiroshima. Utanichukia wiki moja.

Kule Kinosaki, anayeingia wa kwanza bafu linapofunguliwa hupewa kibao cha ukumbusho. Siku ya mwisho nilidamka gizani, nikasimama mlangoni kabla ya saa moja, kubadhi za mbao zinanibana vidole, nikijua leo ni changu. Bibi mmoja alikuwa keshafika, taulo begani. Baadaye, tukiwa ndani ya maji, alinionyesha kwa vidole: vitatu, halafu akaelekeza kwake. Nadhani alimaanisha ana vitatu tayari.