Kutafuta mateka wa vita hakulipiwi

Pole sana dada. Kwa hivyo kakako alijiunga na jeshi la nje, kimya miezi minne, na sasa kuna jamaa anataka elfu thelathini akuletee "habari za kambini"? Usimpe hata ndururu.

Nenda makao makuu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, South C, Nairobi, uulizie huduma ya kutafuta jamaa waliopotezana. Hulipi kitu. Ombi linaweza kupelekwa hadi Geneva, kwa kamati ya kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ambayo ina kitengo chake cha kutafuta watu. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 70, unampa mateka haki ya kuandikia familia kadi kwamba ametekwa, si zaidi ya wiki moja baada ya kufikishwa kambini. Lakini si kila anayeshika mateka anafuata sheria, kwa hivyo jina la kakako likikosekana kwao usianze matanga.

Beba namba ya pasipoti, namba yake ya jeshi kama unayo, na ule ujumbe wake wa mwisho wenye tarehe na mahali. Jina liwe herufi kwa herufi kama kwenye pasipoti. Mimi nikimtafuta binamu niliandika lile tulilozoea kumwita nyumbani, ikabidi nijaze fomu upya.

Na hiyo picha yake akiwa na magwanda uliyoweka mtandaoni, itoe leo. Huwezi kujua nani anaitazama.