Kushea mafaili na kompyuta za zamani: maswali yenu

Desktop ya Windows XP ina picha za marehemu baba, laptop yangu ya Windows 10 haiioni kabisa na zote ziko rauta moja. Nifanyeje?

Pole sana, na kwanza usifomati kitu chochote. XP inajua SMB1 tu, ule utaratibu wa zamani wa kushea mafaili, na Windows 10 ukiinstoli upya tangu toleo la Oktoba 2017 haiji nao, mnakumbuka kirusi cha WannaCry cha Mei mwaka huohuo, kilipita humohumo. Sasa kwenye laptop ingia Control Panel, Programs, halafu "Turn Windows features on or off", tafuta SMB 1.0/CIFS, weka tiki kwenye Client peke yake, Server iache kama ilivyo, kisha restati. Usihangaike kusubiri ikoni itokee kule Network, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika \\192.168.1.5 (weka namba ya hiyo XP kwenye network, utaipata ukienda kwenye XP yenyewe, ukafungua cmd, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika ipconfig). Vuta picha zote, fungua moja moja uhakikishe zinafunguka, kopi nyingine weka kwenye flashi, halafu rudi utoe ile tiki. Tafadhali sana hii ya mwisho usiiache, wengi wakishapata mafaili yao wanasahau na mlango unabaki wazi.

Windows 7 inaniomba paswedi na sijawahi kuweka paswedi!

Hapo ndipo penye shida. Windows kwa kawaida haikubali akaunti isiyo na paswedi iingie kupitia network. Iwekee paswedi akaunti ya mashine yenye mafaili, kisha ukiulizwa andika jina la mashine, mkwaju wa nyuma \, jina la akaunti, na hiyo paswedi.

Namba ya mashine yangu kwenye network inaanza na 169.254, ni sawa?

Hapana, rauta haijakupa namba, mashine imejipa yenyewe. Angalia waya. Kwa shangazi nilishinda siku nzima kwenye fayawoli, kumbe kale kaulimi ka plastiki kwenye kichwa cha waya kamekatika, waya unachomoka kidogokidogo na taa ya kijani pembeni ya tundu haiwaki. Tulibadili waya, ikapata namba hapohapo.

Muvi ya GB 6 inagoma kuingia XP, nafasi ipo.

Diski hiyo itakuwa na mpangilio wa zamani wa FAT32, humo faili moja haliwezi kufika GB 4. Igeuze iwe mpangilio wa NTFS kwa amri convert d: /fs:ntfs (d ni herufi ya diski hiyo, weka ya kwako), mafaili yanabaki, ila bekapu kwanza.