Mie nitafungia kanga, tena doti nzima

Swali lenu la wiki hii mmeuliza zawadi za sikukuu tutazifunga kwa nini, karatasi au kitambaa cha kutumika tena. Mie jibu langu ni kanga, tena doti nzima si kipande, na nataka nieleze vizuri maana watu wengi wanasema kitambaa, kitambaa, halafu hawasemi kitambaa gani na Idi ikishapita kinakwenda wapi.

Karatasi zile za kung'aa nazipitia haraka tu. Ifinyange moja ngumini kisha uiachie, ikifumuka yenyewe ujue ina plastiki au ile foili ndani yake, hiyo hairejelezwi, inakwenda jaani Kibele pamoja na taka nyengine. Zanzibar mifuko ya rambo imepigwa marufuku tokea 2006, Bara wakaja kufuata tarehe 1 Juni 2019, halafu sisi hao hao ikifika Idi tunanunua plastiki yenye maua, mtoto anaichana mara moja basi imeshakuwa taka! Na kwa joto letu hili na unyevu wa bahari selotepu nayo inaachia hata zawadi haijafika.

Sasa kanga. Doti inauzwa vipande viwili vimeungana, unaikata katikati unampa fundi akupindie, kila kipande kinakuwa kama mita moja na nusu kwa mita moja na kitu. Kimoja unakikunja unakitia ndani pamoja na zawadi yenyewe, iwe udi, vikombe, sabuni za manukato, chochote ulichojaaliwa, na kile cha pili ndio unafungia. Akifungua ana doti yake kamili ya kuvaa, hakuna cha kutupa, na wala hukumpa mtu kipande kimoja asijue akifanye nini.

Ila jina la kanga, yale maandishi yake, ulisome kabla hujalipa, wallahi hili ndilo kubwa kuliko yote. Watu wakiwa na haraka ya sokoni Darajani wanachagua rangi tu, sasa mpelekee wifi yako zawadi imefungwa HASIDI HANA SABABU uone, hata ndani ukitia pete ya dhahabu ugomvi umeshauanza wewe, na ukisema ulipenda rangi nani atakuamini? Mama mzazi, mkwe, somo yako, watafutie jina la dua au la shukrani, WEMA HAUOZI mimi sijaona liliyemkera. Na ukishachagua jina zuri basi lionekane. Tandaza kanga uso chini, boksi lilaze juu ya pale penye jina, mbele ya boksi iangalie chini, kunja upande wa juu na wa chini vilifunike, halafu ncha za kulia na kushoto zisokote uzifunge kwa nyuma. Ukilisimamisha boksi jina linamtazama mtu usoni. Boksi liwe na ukubwa kidogo, likiwa dogo jina linazunguka pembeni halisomeki. Fundo lenyewe ni kulia juu ya kushoto kisha kushoto juu ya kulia, ukirudia upande ule ule mara mbili linateleza, na kanga mpya ina wanga mwingi, ni ngumu, kwa hiyo kaza kweli kweli.

Wajapani wana vitambaa vyao vya mraba wanaviita furoshiki, na mwaka 2006 waziri wao wa mazingira Yuriko Koike alitoa kimoja kilichotengenezwa kwa chupa za plastiki zilizorejelezwa, awahimize watu wapunguze mifuko. Kwao desturi ya zamani aliyepewa anachukua zawadi, kitambaa kinarudi kwa mwenyewe. Hilo nalipenda na hapa kwetu si geni, sahani ya futari ikitoka kwa jirani hairudi tupu, basi na kitambaa kiende hivyo hivyo. Kwa zawadi za watoto msinunue doti, chukueni kanga kuukuu iliyokwisha lainika au vibaki kwa fundi cherehani, kisha mama wa nyumba avikusanye siku ile ile vikae kabatini mpaka Idi ya kuchinja.

Wanaotuma Pemba ndio hasa nawasemesha. Mzigo mpaka ushushwe bandarini Mkoani umesharushwa, umewekewa magunia juu, umepigwa na maji ya chumvi, karatasi hapo inafika matambara, ila furushi la kanga unalifungua kama ulivyolifunga. Kitu cheupe tu kitangulizieni kitambaa chengine ndani, kanga mpya ikirowa inatoa rangi.

Najua mtu atasema doti ni ghali kuliko karatasi. Kweli ni ghali, lakini hapa doti ndiyo zawadi yenyewe, kile kingine ulichotia ndani kinaweza kuwa kidogo tu na mtu akafurahi vile vile. Kinachonisumbua mie ni mafundi. Kumi la mwisho la Ramadhani wamejaa nguo za Idi, ukipeleka doti ya kupinda unaambiwa njoo baada ya sikukuu. Wenye maduka ya kanga wa Darajani na wa Chake Chake kule Pemba nawaomba sana, siku zile muwekeni kijana mmoja na cherehani hapo mlangoni, mtu akinunua akatiwe apindiwe aondoke nayo.