Uliza Fundi: Mpira katikati ya mbao za shelfu, nabandika na gundi gani?

SWALI (msomaji, Tanga): Fundi shkamoo. Nataka kujitengenezea shelfu ya kuweka pleya ya santuri na amplifaya, santuri zenyewe ni za taarab na dansi alizotuachia mzee. Shida nikipandisha sauti pleya inaanza kuvuma mmmm mpaka nishushe. Nimeambiwa ukiweka mpira katikati ya plaiwudi mbili mtikisiko unakata. Ninayo plaiwudi ya milimita 18 na nyingine ya milimita 6, gundi nyeupe ya mbao ipo kopo zima, na nimepanga kupiga skrubu juu mpaka chini ili zisije kuachana. Niko sawa? Na mpira gani unafaa?

JIBU: Marahaba. Wazo zuri sana ila hizo skrubu zitakuharibia kazi yote, tuanzie hapo hapo.

Ubao ukitikisika unapinda, kidogo mno jicho halioni, huku na huku mara nyingi kwa sekunde. Chukua daftari nene ulipinde uone kurasa zinavyopishana pembeni, plaiwudi mbili zilizolaliana nazo zinataka kupishana hivo hivo. Sasa ukiweka mpira kati na umeshika kisawasawa pande zote mbili, kila zinapotaka kupishana mpira ndo unavutwa kiubavu, na mpira wa aina nzuri ukivutwa hivo haurudishi nguvu yote, nyingine inaishia kuwa joto, dogo tu hata mkononi hulisikii. Hiyo ndo siri yote. Ukishapiga skrubu ikapita mbao zote mbili umezifunga zikawa ubao mmoja, hazipishani tena, mpira umekaa pale kama mgeni tu. Kwa hiyo hakuna skrubu wala msumari wa kuunganisha juu na chini, kinachoshika ni gundi peke yake.

Alafu unene. Mpira unavutwa zaidi ukikaa katikati kabisa ya unene wote, ndo mana mbao mbili zinazolingana zinafanya kazi vizuri kuliko nene na nyembamba. Hiyo 18 na 6 tafutia kazi nyingine, nunua shiti ya 12 ukate vipande viwili.

Gundi nyeupe nayo hapana. Ile inataka kuingia kwenye vinyweleo vya mbao na maji yake yatoke, sa mpira haunywi maji, ikikauka utaibandua kama ngozi ya maziwa. Tumia gundi ya viatu, ile ya njano yenye harufu kali wanayotumia mafundi viatu na wabandika fomaika. Unapaka pande zote mbili, mbao na mpira, unaacha mpaka ukigusa na mgongo wa kidole haigandi, mara nyingi dakika 10 mpaka 20 lakini soma kopo lako, ndo unakutanisha. Na ukikutanisha umekutanisha! Hakuna kusogeza, inashika pale pale. Kwa hiyo panga vijiti vikavu juu ya gundi, laza kipande chako juu yake, nyoosha kingo, alafu vuta kijiti kimoja kimoja huku unakandamiza kutoka katikati kwenda nje ili upepo utoke. Kifimbo cha chapati kinafaa kabisa, mwombe mwenye jiko kwanza. Mwisho bebesha matofali mpaka kesho yake. Fanyia nje au kwenye upepo wa kutosha, na pasiwe na jiko la mkaa wala sigara karibu, mvuke wa ile gundi unashika moto haraka sana.

Mpira wenyewe usihangaike, nenda kwa fundi pancha umwombe tyubu ya lori iliyokufa. Tyubu nyingi za gari ni za byutili, walichagua byutili kwa sababu inashika upepo kuliko mpira wa asili, na bahati nzuri ndo mpira mvivu, haudundi. Jaribu hapo hapo, uweke juu ya kitu kigumu udondoshee gololi, ikidunda juu sana achana nao, ikifa pale pale beba. Ndo mana sponji na soli za kandambili sikushauri, zinadunda. Lami ya paa nayo inatumika sehemu za baridi, ila kwa joto la Tanga italainika, mbao zitaanza kuhama taratibu na chumba kitanuka.

Tyubu ipasue, ioshe na sabuni maana ndani ina unga, ikauke, kisha ikwangue na msasa mpaka ule mng'ao uishe, si umeona fundi pancha anavyokwangua kabla ya kubandika kiraka? Vipande vikutane ukingo kwa ukingo, visipandane. Unene wa milimita 2 hivi unatosha, ukirundika tabaka mbili tatu haina maana kwamba unapata faida mara tatu.

Kuna gharama yake lakini. Ubao mmoja wa 24 ni mgumu kupinda mara 4 kuliko mbao mbili za 12 zisizoshikana, na ukizitia mpira kati kwa mzigo unaokaa miaka unakaribia hizo zisizoshikana, yani shelfu itabonyea. Usizidishe sentimita 60 kati ya nguzo na nguzo, na usirundike santuri juu yake, santuri ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Halafu ubao wa chini ndo ukae kwenye vishikio, wa juu usiguse nguzo, acha upenyo wa milimita 2 kila upande.

Na kabla hujanunua chochote, spika zako zimekaa wapi? Kama ziko juu ya meza hiyo hiyo ya pleya, zitoe kwanza usikilize. Mpira unaua mlio wa ubao wenyewe. Mtikisiko wa nyayo za watu na besi nzito inayosukuma kabati zima ni habari nyingine, maana sindano na mkono wake vina mtetemo wao wa asili, kawaida hezi 8 mpaka 12, yani mara 8 mpaka 12 kwa sekunde, na sakafu ya mbao ukitembea inatikisika huko huko chini. Kwa hilo dawa ni shelfu ya kufunga kwenye ukuta wa tofali, hata ubao uwe wa kawaida.

SWALI (msomaji, Mwanza): Kwani silikoni ya madirisha haiwezi kuwa mpira na gundi kwa pamoja?

JIBU: Wengi wanajaribu. Silikoni inakauka kwa unyevu wa hewa, kutoka pembeni kuingia ndani, milimita 2 au 3 kwa siku ya kwanza na inazidi kupunguza kasi. Ubao wa upana wa sentimita 40 katikati itakaa mbichi muda mrefu mno. Na hata ikikauka inadunda.

SWALI (msomaji, Kahama): Ukingo unaonyesha mpira mweusi, naweza kupigilia ubapa wa mbao kuuficha?

JIBU: Pigilia kwenye ubao wa chini tu, wa juu usiuguse. Au paka mbao rangi nyeusi, hakuna atakayeuona.