Upepo wa kilomita 25 juu na vuli yetu ya Mwanza

Mwenzetu ameuliza kama upepo unaovuma kilomita 25 juu ya Ziwa Viktoria unaweza kuathiri mvua ya vuli. Nimeanika dagaa Igombe kwa miaka 14, na kipimamvua changu kiko nyuma ya nyumba, kwa hiyo swali hili ninaliishi.

Sehemu ya historia ya upepo huo iko hapa hapa. Majivu ya Krakatoa, volkano ya Indonesia iliyolipuka mwaka 1883, yalionyesha kwamba juu angani kwenye ikweta upepo hutoka mashariki. Mwaka 1908 mtafiti wa hali ya hewa Arthur Berson akarusha maputo kutoka Ziwa hili na kukuta upepo wa juu ukitoka magharibi. Majibu yote mawili yalikuwa sahihi, kwa sababu, kama ilivyokuja kubainika miaka ya 1960, upepo huo hugeuka, na mzunguko wake mzima huchukua takribani miezi 28.

Mawingu yetu ya radi hupanda hadi kilomita 16 au 17, ambako hewa huacha kupoa kadiri unavyopanda, na hivyo kuyawekea kifuniko. Upepo wa juu ukitoka mashariki, hewa ya pale kwenye kifuniko hupoa kidogo zaidi, na inadhaniwa kwamba hilo huyapa mawingu marefu nafasi. Kilicho wazi ni kwamba Desemba hadi Februari ya miaka hiyo, lile wimbi la mvua linalotoka Bahari ya Hindi kwenda mashariki, ambalo hurudi kila baada ya siku 30 hadi 60, huwa na nguvu na hutabirika mapema zaidi.

Hata hivyo, kwa vuli bahari ndiyo yenye kauli kubwa, kama tulivyoona mwaka 2019, Bahari ya Hindi ilipopata joto upande wetu na mvua ikapita kiasi. Utabiri wa msimu unaposema "chini ya wastani" unapima uwezekano wa miezi mitatu, wala haumwahidi mtu asubuhi kavu. Msimu mmoja niliusoma vibaya, nikatandaza mzigo wote mchangani bila turubai. Usiku pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya Ziwa na kuinua mawingu, na alfajiri ile yalitufikia. Kufikia saa nne dagaa walikuwa wamelainika, matumbo yamepasuka, nikawauza kwa bei ya chakula cha kuku.

Siku hizi utabiri wa msimu huniamulia idadi ya chanja za kujenga. Kuhusu kuanika leo au kutoanika, nasoma utabiri wa siku, kisha naangalia mawingu upande wa Ukerewe kabla ya kumwaga ndoo ya kwanza.