Sindano ya uboho imetoka kavu: je, ni lukemia ya seli zenye nywele?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni afisa wa kliniki, Likoni. Nina mgonjwa mwanamume wa miaka 54, bandama imeshuka sentimita 9 chini ya mbavu. Hemoglobini 8.7, chembe nyeupe 2.1, platileti 58, zote ziko chini. Ametibiwa malaria mara mbili, bandama iko pale pale. Alipovutwa uboho, ripoti ilisema sampuli haikupatikana. Arudiwe? Na ikiwa ni lukemia ya seli zenye nywele, dawa ianze lini?

Jibu: Marahaba. Usiichukulie ripoti hiyo kama kazi iliyoharibika. Katika lukemia hii, saratani ya damu ambayo chembe nyeupe huonekana zina kingo kama nywele, uboho hujaa nyuzi za retikulini zinazozishika seli, ndiyo maana sindano huvuta ikatoka patupu. Kuvuta tena tu kutampa maumivu bure. Anachohitaji ni kipande cha mfupa chenye urefu wa sentimita 1.5 hadi 2. Kabla hakijatumbukizwa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi sampuli, kigusishwe taratibu juu ya slaidi mbili tatu. Seli zitakazobaki hapo zitapakwa rangi na kutazamwa.

Kwanza lakini, rudi kwenye slaidi ya damu, uisome kwa macho. Monosaiti, aina moja ya chembe nyeupe, karibu hazipo kwa wagonjwa hawa, na hiyo ni dalili nzuri sana, ila mashine nyingi huhesabu seli zenye nywele kama monosaiti na kukuletea namba ya kawaida. Kausha slaidi haraka: kwa unyevu wa hewa yetu ya Pwani, ikichelewa kukauka kingo za seli huharibika na nywele huzioni, au unaziona zisipokuwepo.

Damu ya floo saitometria, kipimo kinachotambua seli kwa alama zilizo juu yake, iwekwe kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ikipelekwa Nairobi isafiri siku hiyo hiyo, isigandishwe wala kuachwa juani. Omba alama za CD20, CD11c, CD25, CD103 na CD123. Zote zikiwa chanya, jibu umelipata. CD25 ikiwa hasi na chembe nyeupe ziko juu, fikiria ile aina tofauti ya lukemia hii, ambayo haiitikii vizuri kladribini, dawa yake kuu, ikitumika peke yake. Mabadiliko ya jeni yaitwayo BRAF V600E, yaliyotambuliwa mwaka 2011, hupatikana karibu kwa wagonjwa wote wa aina ya kawaida. Mwambie mtu wa maabara asilainishe mfupa kwa asidi kali, DNA itaharibika.

Kuhusu malaria: kipimo cha haraka hubaki chanya wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Tazama slaidi. Uliza pia kama aliishi Baringo au Wajir, kwa sababu kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, huleta sura hii hii.

Dawa huanza hemoglobini ikiwa chini ya 11, platileti chini ya 100 au nyutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, chini ya 1.0, au bandama ikimsumbua. Mgonjwa wako amefika viwango hivyo. Hata hivyo, siku chache za kusubiri hazimdhuru. Kinachoua hapa ni maambukizi. Pima VVU, homa ya ini B, kifua kikuu na figo, na utibu maambukizi yoyote kwanza. Prednisoloni, dawa ya steroidi, usimpe.

Kladribini ataandikiwa na mtaalamu wa damu: miligramu 0.14 kwa kila kilo, chini ya ngozi, kila siku kwa siku 5. Mtu wa kilo 70 ni miligramu 9.8 kwa siku. Baadaye chembe hushuka zaidi kabla ya kupanda, na homa ni ya kawaida hata bila maambukizi, lakini ikipanda alazwe, achukuliwe damu ya kuotesha na aanze antibiotiki bila kungoja majibu. Septrini, antibiotiki ya kinga, isubiri hadi wiki ya kladribini iishe, kwani zikikutana vipele huwa vingi. Akihitaji damu baada ya hapo, iwe iliyopigwa mionzi, kwa hiyo benki ya damu ijulishwe mapema.

Kipande cha mfupa kirudiwe miezi 4 hadi 6 baada ya dawa. Kabla ya hapo, uboho bado unasafika, nawe unaweza kumwongezea dozi asiyoihitaji.